Programu za kukata picha: angalia ukingo kabla hujatoa hela

Juzi kati nilipewa kazi ya picha 60 za mawigi, zote zimepigwa kwenye ukuta mweupe, na mteja anataka kila wigi likatwe liwekwe kwenye bango la bluu iliyokoza inayokaribia weusi. Nikalipia mwaka mzima programu moja ya mtandaoni, jina naliacha, maana tangazo lao linaonyesha unabonyeza mara moja tu na bakigraundi inayeyuka. Na kweli iliyeyuka. Nikazipitia zote kwenye ukurasa mweupe, safi kabisa, nikatuma. Mteja kuziweka kwenye bango, kila wigi lina mstari mweupe pembeni kama limepakwa unga. Nilirudia picha zote kwa mkono, usiku tatu, na hela ya mwaka haikurudi.

Kwa hiyo hapa siongelei kasi wala muonekano, hayo mtayapata kwingine. Naongelea ukingo tu.

Shida iko hivi. Unywele mmoja kwenye picha mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli (kile kidoti kidogo kinachounda picha), kwa hiyo pikseli ya pembeni inabeba rangi mbili zimechanganyika, weusi wa nywele na weupe wa ukuta. Programu nyingi zinaifanya hiyo pikseli iwe nusu wazi basi, wewe unaona bakigraundi imetoka kumbe ule weupe bado umo ndani. Ukiiweka juu ya nyeupe huoni kitu. Ukiiweka juu ya nyeusi, aibu. Inayojua kazi inaing'oa na ile rangi ya zamani, inaipa pikseli rangi ya nywele zenyewe. Ukitaka kujua, weka leya, yaani tabaka, nyeusi chini ya picha yako, vuta mpaka asilimia 200, uzungukie nywele zote taratibu, halafu badilisha leya iwe nyekundu urudie.

Namba moja ni Photoshop, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda. Chagua kitu chako, ingia Select and Mask, pitisha burashi ya Refine Edge juu ya nywele, kisha shuka chini kabisa uweke tiki kwenye Decontaminate Colors. Watu wengi wanatumia Photoshop miaka na hicho kitiki hawajawahi kukigusa! Kinabadilisha rangi za pikseli zenyewe, ndiyo maana matokeo yanakuja kwenye leya mpya na picha ya mwanzo inabaki salama. Kipimo chake usikipeleke asilimia 100 moja kwa moja, anza katikati uangalie, kikizidi nywele zinapata mabaka. Na kama weupe kidogo umegoma, kwenye menyu ya Layer, sehemu ya Matting, kuna Remove White Matte. Wigi la nywele za kujikunja lililonitoa jasho siku nzima, hapa lilikaa sawa kwa dakika chache.

Kinachoniuma ni malipo. Toleo la CS6 la 2012 ndilo lilikuwa la mwisho kununua likawa lako, toka 2013 Adobe, wenye Photoshop, wakahamia kwenye kulipia kila mwezi. Na hapo soma vizuri kabla hujabonyeza: kuna mpango unaolipa kidogo kidogo kila mwezi lakini mkataba wake ni wa mwaka, ukijitoa katikati unakatwa hela. Marekani, serikali iliwapeleka mahakamani mwaka 2024, baada ya kuletewa shauri na FTC, shirika lake la kulinda wateja, kwa jambo hilohilo, kwamba ile ada ya kujitoa mapema imefichwa. Kitu kizuri hivi kwa nini kiuzwe kwa maandishi madogo?

Namba mbili Affinity. Burashi yake ya kusafisha ukingo ni nzuri, nywele laini inaziweza, zile za kujikunja sana utamalizia kwa mkono. Zamani ulikuwa unanunua mara moja basi. Canva waliinunua Serif, kampuni iliyoitengeneza, mwaka 2024, na toleo lililotoka mwishoni mwa 2025 ni bure ukiwa na akaunti ya Canva, ila kufuta bakigraundi kwa akili mnemba ni kwa wanaolipia Canva.

Namba tatu remove.bg, tovuti ya kufuta bakigraundi. Kwa viatu, vikombe, maboksi, vitu vyenye ukingo mgumu, haina tatizo. Ila ya bure inakupa picha ya megapikseli 0.25 tu, hiyo hata kuukagua ukingo huwezi, ukitaka kubwa unatumia krediti, yaani pointi za kulipia.

Za bure kabisa: Photopea inafungukia kwenye brauza, na Refine Edge yake unapaka kijivu pale penye nywele. GIMP ipo pia, ile Color to Alpha, inayoifanya rangi uliyochagua iwe wazi, inasaidia kwenye ukuta mweupe. Mkono uwe na subira.

Wauzaji nao. Karibu wote matokeo wanakuonyesha juu ya vile viboksi vya kijivu na nyeupe. Viboksi hivyo vinaficha mstari mweupe, jicho linachanganyikiwa. Halafu picha ya mfano ni kopo au mbwa kasimama peke yake kwenye ukuta wa rangi moja, hujawahi kuona wakiweka nywele zilizotimka mbele ya dirisha. Na ukitaka kujaribu picha yako kwa ukubwa kamili juu ya nyeusi, unaambiwa lipa kwanza.