Kozi ya jazi kwa waliosoma klasiki: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mtu anatangaza kozi ya piano kwa "waliosoma klasiki wanaotaka kuingia jazi", anapokea hela yangu, halafu darasani ananiita Dada wa Bach, yule mtunzi wa klasiki wa zamani. Mbele za watu. Na watu wakacheka.

Ilikuwa darasa la mubashara, Jumamosi moja jioni, kila mtu na kamera yake. Kazi tuliyopewa ni C Jam Blues ya Duke Ellington, na hapo siwalaumu, kwa anayeanza ni chaguo zuri mno: bluzi ya vipimo 12, na melodi yenyewe ina nota mbili tu, G na C. Mwanakwaya angekwambia so na do, tuendelee. Kwa hiyo nota hazimshindi mtu. Kinachotushinda sisi tuliokulia kwenye mitihani ya gredi ni pa kuziweka. Nikapiga. Vidole safi, hesabu sahihi, kavu kama mkate wa juzi. Ukavu huo naujua. Ningekuwa na swingi tayari, ule mdundo wa jazi unaoyumba, ningelipia nini?

Hata mzunguko sijamaliza, mwalimu akanikata. "Dada wa Bach, funga hicho kitabu. Wewe unasoma, hupigi." Nikamuuliza kwa adabu, basi mwalimu, nifanye nini hasa? "Isikie tu." Akahamia kwa kijana mmoja anayepiga kinanda kanisani kwa kusikiliza, akammwagia sifa mpaka kipindi kikaisha.

Isikie tu! Yaani nimelipa niambiwe hivyo? Swingi inaelezeka. Nota mbili za nusu pigo hazilingani: ya kwanza inarefuka, ya pili inafupika, karibu theluthi mbili kwa theluthi moja, na wimbo ukienda mbio zinaanza kukaribiana. Halafu kuna metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo: badala ya kuihesabu mapigo yote manne, ichukulie kuwa inagonga la pili na la nne tu. Mwanzoni utatamani kuitupa dirishani, baadaye mwili unakubali wenyewe. Haya nimeyapata kwingine, bure, kwa mtu ambaye hakunibandika jina lolote.

Na huyo Bach anayemfanyia mzaha! Mwaka 1747 alifika Potsdam kwa Mfalme Frederick, akapewa melodi hapo hapo, akaibunia fyuga ya sauti tatu, yaani sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na melodi ile ile, bila kuandika kitu. Wapiga vinanda wa enzi zake walikuwa wanawekewa mstari wa besi wenye tarakimu, mkono wa kulia unajijazia. Ukiweka karatasi hiyo karibu na ile ya jazi, yenye melodi na majina ya kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) juu yake, utaona ni ndugu. Bill Evans, mpiga piano wa jazi, naye alisomea piano ya klasiki chuoni Louisiana kabla ya kukaa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Mbona yeye haitwi Kaka wa Bach? Basi, nimetoka nje ya mada, lakini hayo yote nilipaswa kumjibu siku ile na nikanyamaza.

Nililalamika WhatsApp. Mhudumu akaandika, "Pole dada, mwalimu wetu ni mtu wa utani." Utani una wenyewe. Mimi ni Mchaga, Mpare akinichokoza hata msibani nitacheka naye. Huyu hata kwao sipajui. Nikaomba nirudishiwe hela ya madarasa ya mubashara, nikatumiwa emoji ya viganja viwili vilivyoshikana. Mpaka leo ni hiyo emoji tu.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni kwamba masomo yao yaliyorekodiwa ni mazuri. Anayefundisha humo ni mama mmoja mtulivu, na somo lake la mkono wa kushoto limenibadilisha kabisa. Anachukua kodi tatu, Dm7, G7 na Cmaj7, anakwambia achana na mengine yote, shika nota ya tatu na ya saba ya kila kodi tu. Kwenye Dm7 una F na C. Ukienda G7, F inabaki pale pale, C inashuka nusu hatua kuwa B. Ukienda Cmaj7, B inabaki, F inashuka kuwa E. Kila ukihama ni kidole kimoja kinachosogea! Mwendo huo huo niliusoma kwenye nadharia, nikaujibia mtihani, nikapata alama zangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kuukalia ukapiga nao usiku kucha. Niliuzungusha mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha mama akafungua wimbo wa jazi, Autumn Leaves, nikaona mwendo ule umejaa kote, mara kwenye ufunguo wa meja, mara kwenye wa maina, na kwa mara ya kwanza nikaangalia karatasi yenye nota chache vile bila kuogopa.

Kwa somo hilo peke yake nilikuwa nimeshaweka nyota nne. Kweli, nne, na sifa juu. Nikafungua kikundi nimshukuru yule mama, nikakuta mtu nisiyemjua ameandika, "Dada wa Bach, leo upo?" na vicheko chini yake, na cha mwalimu kimo.

Mbili.

Masomo ya rekodi nunueni, sitawadanganya, yana thamani ya hela yake. Ya mubashara msiguse, labda wawe wamembadilisha yule bwana. Wakimbadilisha naomba mnijulishe haraka, kifurushi changu hakijaisha muda na hela hawarudishi.