Glovu za mtumba za Memorial, Moshi: za begi sawa, za sparingi hapana

Hukumu kwanza. Glovu za mtumba zinazopatikana soko la Memorial, mara nyingi kwenye meza za viatu na mabegi, zinamfaa msichana wa kilo 50 hadi 65 anayeanza ngumi na anayepiga begi na pedi anazoshika kocha. Kwa sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, jozi nyingi hazifai. Kwa pambano hazihusiki kabisa, kwa kawaida glovu za pambano huletwa na waandaaji. Anayenunua Krokoni, Arusha, atakuta mzigo wa aina ileile, kwa hiyo vipimo vilivyo hapa chini vinamhusu pia.

Kinachowapoteza wanunuzi ni namba. "Dada, chukua hizi za kumi, ndizo za kupigania," anasema muuzaji, na dada anachukua kwa sababu ni nyepesi na zinapendeza mkononi. Namba iliyoandikwa kwenye kifundo cha mkono ni uzito wa glovu moja kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na kidogo. Aunsi 10 ni gramu 283, aunsi 12 ni 340, aunsi 14 ni 397, aunsi 16 ni 454. Kadiri namba inavyopanda ndivyo sponji inavyoongezeka mbele ya vifundo vya vidole.

Kuona kwa nini "ya kupigania" siyo ya kununua, angalia njia aliyopita Estelle Mossely wa Ufaransa, ambaye amecheza ridhaa na kulipwa. Alizaliwa Créteil, pembeni ya Paris, mwaka 1992. Mwaka 2016 alichukua ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Astana kwenye kilo 60, na Agosti 19 mwaka huohuo, siku aliyotimiza miaka 24, akamshinda Yin Junhua wa China kwenye fainali ya Olimpiki ya Rio. Majaji waligawanyika, wawili kwake na mmoja kwa Yin, lakini dhahabu ni dhahabu: hakuna Mfaransa mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake katika ngumi. Kule Rio wanawake walicheza raundi 4 za dakika 2 na kofia ya kinga kichwani, wakati wanaume walikuwa tayari wameondolewa kofia. Mwaka 2018, akiwa ameshapata mtoto, aliingia ngumi za kulipwa, na mwaka 2019 akabeba mkanda wa ubingwa wa IBO, moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa, wa pauni 135, yaani kilo 61.2. Huko kofia haipo, na pambano la ubingwa kwa wanawake kwa kawaida ni raundi 10 za dakika 2. Baadaye akarudi ridhaa kwa ajili ya Paris 2024, ambako raundi zilikuwa 3 za dakika 3, akatolewa pambano la kwanza.

Piga hesabu: dakika 8 Rio, dakika 20 kwenye mkanda, dakika 9 Paris. Glovu nyepesi huvaliwa kwa dakika hizo tu. Miezi yote ya maandalizi bondia anakuwa ndani ya glovu nene, maana hapo ndipo mikono inapochakaa. Bondia anayeshinda kwa pointi, kama Mossely alivyoshinda mapambano yake mengi ya kulipwa, anarusha jabu, yaani konde la haraka la mkono wa mbele, nyingi kuliko makonde mazito, na kila jabu inatua kwenye vifundo vilevile viwili vya kidole cha shahada na cha kati. Msichana wa kilo 60 anayepiga begi anunue aunsi 12 au 14. Kama begi la jimu limejazwa mchanga, asishuke chini ya 14. Mchanga huzama, na theluthi ya chini ya begi hugeuka jiwe. Begi zuri kwake ni la kilo 30 hivi, limejazwa vipande vya nguo vilivyoshindiliwa sawasawa.

Sasa mezani. Usiamini namba iliyochapwa, hasa kwenye kopi za chapa kubwa. Venum ya Kifaransa ni mojawapo ya chapa ambazo jina lake hubandikwa kwenye chochote. Omba mizani ya dijitali kwa muuza nafaka jirani upime glovu moja moja. Glovu ya 12 ikisoma karibu gramu 340, endelea. Ikisoma 270, sponji ilipunjwa kiwandani. Kama kushoto na kulia zinapishana kwa zaidi ya gramu 20, huenda zimetoka jozi mbili tofauti, au moja imenyonya maji na haijakauka ndani. Hiyo ya maji ni ya kawaida masika.

Kisha bonyeza kwa dole gumba juu ya vifundo, kwa nguvu, hesabu moja hadi tatu, uachie. Sponji nzima hujirudisha papo hapo. Inayobaki na shimo imekufa, na hakuna dawa. Vaa glovu, kunja ngumi, ujigonge kiganja cha mkono wa pili: ukihisi mifupa yako inagusa kitu kigumu, rudisha mezani. Sikiliza pia. Sponji iliyopasuka vipande hutoa mlio kama wa biskuti inayovunjika, na vipande hivyo huhama kuelekea kwenye kifundo cha mkono, vikiacha mbele kitambaa na ngozi tu. Ndiyo sababu ya kukataza glovu hizi kwenye sparingi. Kwenye begi unaumia mwenyewe na utaacha, ila kwenye sparingi anayeumia ni mwenzako, na wewe hata hujui.

Dole gumba likaguliwe peke yake. Kuna uzi au kipande kinacholiunganisha na mwili wa glovu ili lisisimame na kumchoma mtu jichoni, au kuteguka lenyewe. Kikikatika, fundi viatu anaweza kukishona kwa uzi wa nailoni, na hiyo ndiyo kasoro pekee ambayo inafaa kuitumia kushusha bei. Ngozi bandia iliyoanza kuchunika kwenye kiganja haizuii mazoezi. Ikichunika mbele, itachubua pedi za kocha na sura za watu. Velkro iliyojaa nyuzi husafishwa kwa mswaki wa zamani au sindano. Kama meno yake yamelala hayakamati tena, fundi cherehani hubadilisha kipande kwa muda mfupi.

Tatizo la mabinti ni upana wa ndani. Glovu nyingi za mtumba zilikatwa kwa mkono wa mwanaume, na mkono mwembamba huelea, ngumi inazunguka wakati wa kutua, kifundo cha mkono kinakunjika. Kujaza soksi au pamba mbele ya vidole ni kosa. Vidole havifungi vizuri na dole gumba ndilo linalolipa. Nafasi hujazwa na bandeji ya kufunga mkono ndani ya glovu. Tumia ya mita 4.5, upana sentimita 5. Ile ya mita 2.5 haitoshi kwa kazi hii, na bandeji ya kuvutika ya duka la dawa inashikilia vizuri mwanzoni, kisha inalegea ikilowa jasho. Pitisha kitanzi kwenye dole gumba, zungusha kifundo cha mkono mara 3, panda hadi vifundo vya vidole mara 3 huku vidole vimetanuliwa, pita kati ya kila vidole viwili ukirudi kwenye dole gumba kila mara, funga dole gumba mara moja, malizia vifundo vya vidole na kifundo cha mkono. Kunja ngumi: ikibana hadi ncha za vidole zinabadilika rangi, fungua uanze upya. Jaribu glovu pale mezani ukiwa umefunga bandeji, muuzaji akinung'unika mwache anung'unike. Mkono mtupu hudanganya.

Harufu ya ukungu hutoka, ila kwa utaratibu. Futa ndani kwa kitambaa kilicholoweshwa siki na maji nusu kwa nusu, jaza magazeti, badilisha magazeti asubuhi, zitundike kivulini penye upepo zikiwa wazi. Jua la Moshi la saa saba hukausha haraka na kupasua ngozi haraka vilevile, tena huachisha gundi. Usiziloweke kwenye beseni. Arusha, Juni na Julai, sponji huwa ngumu kidogo mazoezi ya alfajiri. Zipashe kwa raundi moja ya makonde mepesi kabla ya kupiga kwa nguvu.

Vitu viwili visinunuliwe mtumba kwa hali yoyote. Kinga ya meno ni cha kwanza. Ile ya kuchemsha na kuuma huharibika hapa kwa sababu watu wanafuata muda wa kwenye pakiti bila kukumbuka mwinuko: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi kidogo zaidi. Tumia sufuria iliyo jikoni inatokota, maji ya chupa ya chai yameshapoa. Ongeza sekunde 5 hadi 10 juu ya maelekezo, chovya kwenye maji baridi sekunde moja tu, uma, nyonya hewa, kandamiza kwa vidole juu ya midomo. Ikitoka unapofungua mdomo, irudishe jikoni. Nyingi huvumilia mara mbili au tatu.

Cha pili ni kofia ya kinga. Sponji ya kofia ya mtumba haina namna ya kuipima kwa gumba kwa sababu ni nyembamba, na kofia iliyolegea huteleza kufunika jicho. Pima ukiwa umesuka mtindo utakaochezea. Rasta nene zilizofungwa kisogoni huinua kofia nzima, suka kulala kichwani. Na isikudanganye: kofia hupunguza kuchanika, mtikisiko wa ubongo haiuzuii.

Kwa hiyo bajeti igawanywe hivi: mtumba wa aunsi 12 au 14 kwa begi, bandeji jozi mbili mpya ili moja ifuliwe, kinga ya meno mpya. Glovu za sparingi za aunsi 16 zinunuliwe mpya kwa mchango wa jimu, jozi mbili zinatosha kundi dogo kwa sababu wanaosparingi ni wawili kwa wakati mmoja. Kila mtu aingie na bandeji zake kavu, glovu zikaukie kivulini zikiwa wazi baada ya kila kipindi, na zikae kwa kocha, zisitumike kwenye begi hata siku moja.