Viini 64 au 56? Threadripper PRO 5995WX na Xeon w9-3495X kwenye hesabu za maji

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa. Kama kazi yako ni kutoa picha na video za majengo, nunua prosesa ya AMD, Threadripper PRO 5995WX. Kama ni hesabu za mtiririko wa maji au upepo, nunua Intel Xeon w9-3495X, na upungufu wa viini vyake, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, usikutishe. Ofisini kwetu Dar es Salaam zipo zote mbili, chumba kimoja, na zimepokezana kazi zangu na za mwenzangu kiasi cha kutosha kuzijua tabia.

Mimi ni injinia wa maji. Naangalia maji yanavyopita kwenye makaravati na chini ya madaraja mvua za masika zinapopamba moto: yanapanda hadi wapi, yanachimba wapi, nguzo inabeba mzigo gani. Aliyewahi kukwama Jangwani siku Mto Msimbazi umefurika na Barabara ya Morogoro imefungwa anaelewa kwa nini jambo hili naliwazia hata usiku. Natumia OpenFOAM, programu ya bure ya hesabu za mtiririko, na modeli moja ya daraja huwa na mamilioni ya seli, yaani vipande vidogo ambamo maji huhesabiwa kimoja kimoja. Mwenzangu ni msanifu majengo, yeye anashinda kwenye Blender, programu ya picha za 3D.

Kwenye karatasi Threadripper ndiyo inayopendeza. Ilitangazwa Machi 2022, kizazi cha Zen 3: viini 64, nyuzi 128 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja), kasi ya GHz 2.7 inayopanda hadi 4.5, kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) MB 256, wati 280. Xeon ilitangazwa Februari 2023, ukoo wa Sapphire Rapids: viini 56, nyuzi 112, kasi ya msingi GHz 1.9 tu ingawa hupanda hadi 4.8, L3 MB 105, wati 350 ambazo hufika 420 ikikimbia kwa nguvu zote. Mtu akikusomea mistari hiyo peke yake, utaondoka na AMD.

Mstari ambao wauzaji huupita haraka ni ule wa RAM. Prosesa zote mbili zina njia nane za kumbukumbu, za kupitishia data kati ya RAM na prosesa, ila za Threadripper ni za DDR4-3200 na za Xeon ni za DDR5-4800, RAM ya kizazi kipya zaidi. Fanya hesabu mwenyewe. Njia moja hubeba baiti 8 kwa mkupuo. Zidisha kwa mikupuo milioni 3,200 kwa sekunde, kisha kwa njia nane, unapata GB 204.8 kwa sekunde. Kwa Xeon, hesabu hiyo hiyo inatoa GB 307.2. Ni ongezeko la asilimia 50, na kwa mtu wa kazi yangu hapo ndipo mshindi anapatikana.

Sababu ni hii. Modeli ya maji haifanyi hesabu ngumu kwenye kila seli. Inachukua kasi na mgandamizo wa seli hiyo na wa majirani zake, inajumlisha, inazidisha kidogo, inarudisha jibu, inahamia seli inayofuata. Kazi kubwa ni kuchota na kurudisha data, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua. Ni kama jiko la shughuli lenye wapishi 64 na mlango mmoja wa stoo: ukiongeza mpishi wa 65, anajiunga na foleni. Kwenye Threadripper niliona jambo hili waziwazi. Nikigawa modeli kubwa kwa viini 8, kisha 16, muda unashuka vizuri. Kufika 32 bado kuna faida, lakini imepungua. Kutoka 32 kwenda 64 muda karibu haushuki, na feni zinapiga kelele vilevile. Nusu ya prosesa ya dola 6,499 inasubiri data. Xeon nayo hufika mahali ikagota, lakini inagota mbele zaidi, na modeli ileile inamalizika mapema kwa kiasi ambacho nakiona kwenye ratiba yangu ya wiki.

Haki itendeke: modeli ikiwa ndogo, mambo yanageuka. Kipande kifupi cha karavati, chenye seli laki moja au mbili, sehemu kubwa yake inaenea ndani ya ile kashe ya MB 256, na hapo Threadripper haihitaji kwenda RAM kila mara. Inakimbia ajabu. Wanafunzi na watafiti wenye modeli ndogo nyingi wasiidharau hata kidogo.

Sasa sikilizeni hili, maana linaweza kukuharibia fedha yote. Kompyuta yenye Xeon ilipofika nilikuwa sijaridhika na kasi yake. Nilifungua ubavu wa kasha: nafasi nane za RAM, nne upande huu wa prosesa na nne upande ule, lakini zilizojazwa ni nne tu, kila kipande GB 64. Fundi wa duka lililotuuzia alipokuja akaniambia, "Injinia, oda ilisema GB 256, na 256 hizo hapo." Kwa ujazo alikuwa sahihi. Lakini vipande vinne ni njia nne, na njia nne ni GB 153.6 kwa sekunde, chini hata ya Threadripper ya DDR4. Nilimwomba abadilishe alete vipande vinane vya GB 32. Bahati alikubali. Madabodi ileile, prosesa ileile, ujazo uleule, na mashine ikawa nyingine kabisa. Kwenye oda yako andika idadi ya vipande, usiandike jumla ya GB peke yake. Andika pia kwamba unataka RDIMM (RAM za aina ya seva) zenye ECC (uwezo wa kusahihisha makosa ya data), kwa sababu Xeon hii haipokei RAM za kompyuta za kawaida.

Upande wa mwenzangu hadithi ni fupi. Picha za Blender zinataka viini, kila kimoja kinashika kipande chake cha picha na kukimaliza bila kusumbua RAM sana. Threadripper inatangulia, inatumia umeme mdogo zaidi, na mwenzangu hataki kusikia habari za kubadilishana.

Umeme na joto si mambo ya kupuuza Dar. Tofauti ya wati 280 na 350, au 420, inaonekana kwenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha na kwenye UPS unayopaswa kuinunua. Hesabu zangu hulala zikikimbia. OpenFOAM huandika matokeo kila baada ya muda unaoupanga, hivyo umeme ukikatika inaendelea kutoka hatua ya mwisho iliyohifadhiwa, lakini nataka UPS inipe nafasi ya kuzima mashine kwa utaratibu. Kwa Xeon ilitubidi kuchukua UPS kubwa zaidi, na gharama hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bei za kuanzia za kampuni zilikuwa dola 6,499 kwa Threadripper na dola 5,889 kwa Xeon. Usafirishaji na kodi ni juu yako. Xeon inaonekana nafuu, ila RAM za DDR5 za aina hiyo ni ghali, wakati RDIMM za DDR4 zinapatikana kwa urahisi, hata za mtumba kutoka kwenye seva za zamani. Kama unalipia programu ambayo leseni yake inahesabu viini, Xeon inazidi kuwa na mantiki: kwa nini ulipie viini vinavyosubiri foleni?

Kuhusu kupandisha baadaye, soketi ya sWRX8 ya Threadripper hii, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye madabodi, imefika mwisho. Madabodi ya W790 ya Xeon bado ilipata prosesa mpya mwaka 2024, w9-3595X yenye viini 60. AMD wao walijibu Oktoba 2023 kwa Threadripper PRO 7995WX: viini 96, njia nane za DDR5-5200, yaani GB 332.8 kwa sekunde, juu kidogo ya Xeon yangu. Kwa kazi ya maji na ya picha kwa pamoja, kwenye mashine moja, hiyo ndiyo ningeichagua. Lakini ilitoka kwa dola 9,999, prosesa peke yake, na inataka madabodi mpya na RAM mpya. Kwa ofisi ya watu wachache kama yetu, nabaki na Xeon yangu na vipande vyake vinane.