Lebo ya "bei nzuri sana": matangazo ya magari yaliyotumika kwa jicho la mpiga rangi

Kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi magari. Ndiyo maana kila ndugu, jirani na rafiki wa rafiki anayetafuta gari hunitumia matangazo ya mtandaoni, mengine saa sita za usiku, na swali ni lilelile: "Fundi, hii vipi? Mbona bei chee hivi?" Basi nimejikuta nazijua tovuti hizi pengine kuliko wanaozitumia kuuza, na nazipima kwa jambo moja tu: mtu akikutana na bei inayotia shaka, tovuti inamsaidia au inamsukuma shimoni?

Picha zinasaidia sana. Lebo ya bei ndiyo inayoniudhi.

Tovuti kubwa kama CarGurus ya Marekani, Auto Trader ya Uingereza na mobile.de ya Ujerumani hulinganisha bei ya gari na magari yanayofanana nalo, kisha hulibandika lebo: bei nzuri sana, bei nzuri, na kuendelea. Nyingine ndogo zimeiga. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inategemea sana kilichojazwa kwenye fomu: modeli, mwaka, kilomita. Aliyerudisha nyuma kilomita anaonekana anauza gari bichi kwa bei ya gari lililochoka, na kompyuta inampongeza. Zipo tovuti zinazoongeza rekodi za ajali pale zinapopatikana, lakini gari lililogongwa likanyooshwa kimyakimya kwenye gereji kama yangu halimo kwenye rekodi ya mtu yeyote. Uongo ukikua, lebo inazidi kuwa ya kijani.

Watu wanaogopa sana bei ya nusu. Mimi siiogopi, kwa sababu inajitangaza yenyewe. Gari linalouzwa nusu ya bei ya wenzake ama halipo kabisa duniani, ama limezama mafurikoni, ama lina kesi. Inayoniumiza kichwa ni ile iliyoshuka kidogo, tuseme imepungua kwa sehemu moja ya saba au ya nane ya bei ya kawaida. Hiyo haimkamati mlafi, inamkamata mtu makini aliyefanya hesabu zake, akajiambia kuwa muuzaji ana shida ya pesa tu.

Chukua tangazo moja alilonitumia jirani yangu. Sedani ya rangi ya fedha, picha nane, maelezo ya kawaida: gari safi, halijawahi kuguswa, ingia uendeshe, sababu ya kuuza ni dharura. Lebo ya kijani ipo. Nilianza na taa za mbele. Ya kulia imefubaa na kuwa ya njano, ya kushoto inang'aa. Kifuniko cha taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na jua ndilo linaloichosha. Taa mbili zilizotoka kiwandani pamoja na kukaa kwenye jua moja huzeeka pamoja. Hii ya kushoto ni ngeni. Peke yake haithibitishi kitu, jiwe moja barabarani linatosha kuvunja taa. Nikaangalia uwazi kati ya boneti na madigadi. Upande wa kulia mstari umenyooka. Upande wa kushoto unaanza mpana kwenye taa na kubana unapokaribia kioo cha mbele.

Kisha picha ya injini, ambayo wauzaji huipiga ili kuonyesha injini imeoshwa. Mimi injini siiangalii. Naangalia boliti zinazoshika bawaba za boneti. Kiwandani gari hupigwa rangi boneti ikiwa imeshakazwa kwenye bodi, kwa hiyo kichwa cha boliti hufunikwa na rangi ileile bila mkwaruzo. Spana ikipita hapo mara moja tu, rangi inabanduka kwenye kona. Nikaikuza picha: kona zote za boliti ya kushoto ni chuma kitupu.

Na ile rangi yenyewe. Fedha ni rangi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo vya alumini, na namna vinavyolala inategemea presha ya bunduki ya rangi, umbali wa mkono na unyevu wa siku hiyo. Ukisimama mbele ya gari, mlango na madigadi vinafanana. Ukisogea pembeni, kimoja kinageuka cheusi kidogo. Ndiyo sababu picha sita kati ya nane zilipigwa upande wa kulia, na ya kushoto ikapigwa jioni, gari likiwa bado linachuruzika maji. Maji huficha vile vipele vya ganda la chungwa ambavyo mpiga rangi mwenye haraka huviacha. (Bampa liacheni. Ni plastiki, mara nyingi hupakwa peke yake, na hata kwenye gari jipya laweza kutofautiana kidogo na bodi. Nimeona watu wakikimbia gari zima kwa sababu ya bampa.)

Nilimwandikia muuzaji anitumie picha moja tu: boneti wazi, upande wa kushoto, kutoka juu, ionekane ile nguzo ya chuma inayobeba injini. Akajibu, "Kaka, picha hazisemi yote, njoo ujionee." Haikupita muda bei ikashushwa tena. Na lebo nayo ikapanda daraja.

Nieleweke: gari lililogongwa silikatai. Ndilo linaloniweka mjini. Gari lililonyooshwa vizuri, na nguzo zake zikapimwa, likiuzwa kwa bei ya gari lililonyooshwa, ni ununuzi wa maana. Kilichonikera ni kuuzwa kama halijaguswa kwa bei ambayo haisemi ukweli wala uongo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, alitumia magari yaliyotumika kueleza jambo hili: mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, hutoa bei ya katikati, na mwenye gari zuri huona heri abaki nalo. Naliona kila siku kwenye simu yangu. Wauzaji wa kweli wenye bei ya chini wapo, wanaohama, wanaorithi, waliochoka kulilipia maegesho. Lakini hao huandika kasoro zao bila kuulizwa. "Kiyoyozi hakipoozi, tairi za nyuma zimekwisha, mlango wa nyuma una mkwaruzo, tazama picha ya tano." Tangazo la namna hiyo likiwa na bei ya chini nalisogelea haraka. Tangazo lisilo na kasoro hata moja kwa gari la miaka kumi na mbili ni la mtu asiyelijua gari lake au anayelijua mno.

Kuhusu matapeli wenyewe sina mengi, mchezo wao ni wa zamani. Gari liko mbali, mwenyewe yuko safarini, kampuni ya usafirishaji italileta mpaka mlangoni, usipolipenda unarudishiwa pesa, tuma kishika uchumba tu ili asiuziwe mwingine. Ipitishe picha kwenye Google Lens au TinEye, zana za kutafuta picha inayofanana mtandaoni, uone kama gari hilohilo linauzwa na watu watatu. Kisha omba mpigiane kwa video, atembee bila kukata kutoka kwenye namba za gari mpaka kwenye namba ya chesi. Asiye na gari ataanza kulalamika mtandao wa simu.

Namba ya chesi ndiyo kitu ambacho tovuti zingelazimisha kila muuzaji akijaze, na nyingi hazilazimishi. Tangu 1981 magari ya soko la Marekani hutumia namba ya tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazimo kabisa ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukitumiwa namba ya aina hiyo yenye O ndani, umetumiwa hadithi. Ya kumi hueleza mwaka wa modeli. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, hivyo usishtuke ukikosa zile 17. Iandike namba hiyo Google. Mara nyingine zinatokea picha za gari lilelile mnadani, Copart kwa mfano, likiwa limekunjwa pua na mifuko ya hewa ikiwa imeninginia kwenye usukani.

Ndiyo maana nikifika kwenye gari lenyewe, kabla hata ya kuvua koti, nageuza ufunguo bila kuwasha injini na kuitazama taa ya mifuko ya hewa. Inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima, na pengine mifuko haipo. Ikizima sekunde ileile na taa nyingine, huenda waya zake zimeunganishwa na za hiyo nyingine. Fundi wa umeme naye achomeke kifaa cha kusoma makosa, ambacho magari ya Marekani yana tundu lake la aina moja tangu 1996. Asiridhike kuona hakuna makosa. Aangalie vile vipimo vya ndani ambavyo gari hujipima lenyewe likitembea. Vikisema vingi bado havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Muulize mwenye gari kwa nini, kisha umtazame usoni.

Kitu kimoja ambacho tovuti zingetusaidia bure ni tarehe. Madalali wanashinda humo kutwa, simu mkononi, na gari zuri la bei ya chini kweli hawaliachi lilale. Likiwa limekaa wiki tatu na bei ile, wameshalizunguka, wamelala chini yake, wakaondoka. Habari hiyo ni ya thamani kuliko lebo yoyote. Lakini tovuti nyingi humruhusu muuzaji kulifuta tangazo na kulirudisha asubuhi kama jipya, au kulipia lipandishwe juu, na historia yake inapotea. Inayoonyesha siku ya kwanza ya tangazo na kila bei iliyobadilishwa naipa nyota nne kati ya tano. Zile nyingine nazipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa ajili ya kitufe cha kukuza picha.