King'amuzi kizima, picha inaganda: uzoefu wangu wa kuhamia dijitali

Mitambo ya analojia, yaani mfumo wa zamani wa kurusha televisheni, ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nyumbani kwetu Mbagala tulikuwa tumekwisha kununua king'amuzi cha antena, lakini picha iliganda, ikavunjika vipande vya mraba, na baadhi ya chaneli hazikuonekana kabisa. Muuzaji alishikilia kwamba kifaa ni kibovu na kwamba dawa yake ni kununua cha bei kubwa zaidi. Ushauri huo haukuwa wa haki, kwa sababu king'amuzi kilikuwa kizima.

Wakati wa analojia, mawimbi yalipopungua televisheni ilionyesha chenga, na mtu aligeuza antena taratibu huku akiona picha ikisafika. Dijitali haitoi onyo la namna hiyo: mawimbi yakitosha picha ni safi kabisa, na yakishuka kidogo tu chini ya kiwango kinachohitajika, picha huganda, huvunjika au hukatika kabisa. Kwa hiyo kinachopaswa kutazamwa ni ukurasa wa mawimbi ndani ya menyu ya king'amuzi, wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Kwetu nguvu ilikuwa juu na ubora ukipanda na kushuka, jambo lililonielekeza kwenye antena na kebo.

Antena yetu ya zamani, yenye vijiti virefu, ilikuwa ya VHF (masafa ya chini), ilhali dijitali ya ardhini, ile inayopokewa kwa antena badala ya dishi, hurushwa kwenye UHF (masafa ya juu zaidi), kuanzia megahezi 470. Niliweka antena ya UHF juu ya bati, nikatazama za majirani waliokuwa wakipata picha zimeelekea wapi na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama, kisha nikaigeuza kidogo kidogo, nikisubiri kila mara, maana king'amuzi huchelewa kuonyesha mabadiliko. Fundi wa mtaani, ambaye namshukuru sana, aligundua kwamba kwenye kichwa cha kebo uzi mmoja wa wavu wa nje ulikuwa unagusa waya wa katikati. Aliondoa pia kigawanyo kilichopeleka mawimbi kwenye televisheni ya pili, kwa kuwa kifaa hicho hupunguza mawimbi kwa nusu au zaidi. Baada ya hapo nilirudia kutafuta chaneli upya, na zote zikaingia.

King'amuzi chenyewe nakisifu: picha na sauti ni safi kuliko tulivyozoea, na rimoti ni rahisi hata kwa mama yangu mzee. Huduma ya duka siwezi kuisifu. Familia nyingi zilijinyima ili kununua ving'amuzi, na zilistahili kuambiwa mapema, kabla ya kutoa fedha, kwamba antena iliyopo huenda isifae.