Telegram kwa grupu la biashara, hasa upande wa namba za wanachama

Hii nawaandikia nyie maadmini wa magrupu ya biashara huku Mwanza. Grupu letu la dagaa pale Mwaloni Kirumba limejaa watu wasiojuana, kuna wanunuzi wa mjini, mawakala wa Ukerewe, wa Bukoba, mpaka wateja wa Kongo, na WhatsApp ukishaunganishwa tu kila aliyemo anaiona namba yako. Na namba yako ndiyo M-Pesa yako, mtu akijifanya anakutumia hela jina ulilosajilia laini linamtokea kabla hajathibitisha, basi keshakujua. Tapeli akiingia kimyakimya anaondoka na orodha nzima ya kutumia zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Telegram hapo wametisha. Unaonekana kwa jina ulilojiwekea, na ukitaka unaongeza lile la mtumiaji linaloanza na @, mteja anakuja inboksi bila kujua namba. Ila jamani msiache setingi ilivyokuja! Ingia kwenye faragha, namba ya simu weka asiione mtu yeyote, ukishachagua hivyo inatokea nyingine chini yake ya nani anaweza kukupata kwa namba, nayo ibane ibaki kwa uliowasevu tu.

Kinachonipa wasiwasi ni majina. Hata watu watano wanaweza kujiita Mama Dagaa na picha ileile, cha kuwatofautisha ni ile ya @ maana haiwezi kuwa ya watu wawili, na hapo napo tapeli anaongeza herufi moja katikati macho yanapita tu. Ya mweka hazina wetu tumeipini juu kabisa, na hela haitumwi mpaka apigiwe. Kwa hilo Telegram naipa nne kwa tano.

Signal, app nyingine ya meseji, tangu 2024 inaficha namba yenyewe bila wewe kugusa kitu, kwa faragha naiona bora zaidi, shida watu wetu wengi hawana. WhatsApp nayo ukitumia Jumuiya (Communities, magrupu kadhaa chini ya mwavuli mmoja), lile grupu la matangazo linawaficha wanachama namba za wenzao, maadmini ndio wanaziona, ila ukijiunga na magrupu ya ndani uko wazi tena.

Kikoba cha majirani mnaojuana bakini tu WhatsApp, namba mnazihitaji za michango.