Mitaimbo mitatu kutoka Gerezani: nimebadilisha mwenyewe matairi ya Land Rover ya mjomba

Nina Land Rover 109 Series III, niliyoachiwa na marehemu mjomba. Alikuwa akipanda nayo Newala kila msimu wa korosho. Matairi yake ni 7.50-16 ya tyubu, rimu ni zilezile za chuma za kiwandani. Mwaka jana nilipeleka mawili kwa mtu mwenye mashine hapa mkoani. Rimu moja ikarudi imekwaruzwa hadi chuma cheupe, na tyubu yake haikumaliza wiki. Nilipofunguliwa tairi nikaona matundu mawili pembenipembeni, mtaimbo ulikuwa umeibana tyubu kwenye rimu. Kwetu Mikindani upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo palipokwaruzwa kutu haikuchelewa. Roho iliniuma. Matatu yaliyobaki, pamoja na la akiba, nikasema nitayafanya mwenyewe nyumbani.

Niliagiza seti Gerezani, Dar, ikaja kwa basi. Ndani mna mitaimbo mitatu ya sentimita 60, kibanio cha skrubu cha kubandulia tairi kwenye rimu, na kidude cha kufungulia sindano ya valvu. Nililipa shilingi 95,000 pamoja na usafiri.

Nianze na kibaya. Kile kibanio hakifai. Tairi lililokaa miaka kumi na kutu chini yake limeshika kama limegundishwa, na ndoano ya kibanio ilipinda kwenye tairi la kwanza kabla mdomo wa tairi, ule ukingo wake unaokaa kwenye rimu, haujasogea hata kidogo. Kilichonisaidia ni jeki ya gari lenyewe. Unatoa upepo wote, unalaza tairi chini ya chasisi, unasimamisha jeki juu ya mpira, karibu kabisa na rimu, kisha unapandisha jeki kama unayetaka kuinua gari. Uzito wa gari unausukuma mdomo wa tairi chini. Unazungusha kidogo, unarudia. Magurudumu mengine yawekewe mawe, na mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya gari.

Mitaimbo sasa, hiyo nimeipenda kwa dhati. Ncha zake ni bapa na zimelainishwa, hazina makali, na urefu wake unatosha kuegemea bila kupigana nao. Msitegemee mtaimbo mmoja na bisibisi. Miwili inashikilia ulipofika, wa tatu ndio unaosonga mbele.

Lakini mtaimbo mzuri kwa mtu asiyeuelewa mtaro wa rimu ni hasara tu. Mdomo wa tairi una waya ndani, hautanuki. Ili upande mmoja uvuke ukingo wa rimu, upande wa pili lazima uwe umedidimia kwenye ule mtaro wa katikati. Mimi siku ya kwanza nilivuta mpaka mikono ikatetemeka, saa nzima, tairi halitoki. Fundi pancha wa jirani akapita, akasema, "Kaka, simama juu ya tairi upande wa pili." Nikapanda, nikasukuma kwa visigino, mtaimbo ukaja kwa mkono mmoja. Kwenye rimu zangu mtaro uko karibu zaidi na upande mmoja, na tairi linatoka na kuingia kwa upande huo tu.

Kabla ya kurudishia nilisugua rimu kwa brashi ya waya, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaacha siku mbili. Ndani ya tairi jipya bandua kila kibandiko cha karatasi, maana kikibaki kinasaga tyubu taratibu. Tyubu ipake poda, ijaze upepo kidogo tu ipate umbo, isikunjane. Kulainisha nilitumia maji ya sabuni ya mche. Oili na grisi zinaharibu mpira, achaneni nazo.

Kuingiza, anza upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu. Pale penye valvu, kitako chake kinazuia mdomo wa tairi usidumbukie mtaroni, kwa hiyo ukianzia hapo utakwama mwishoni. Ukimaliza, sukuma valvu ndani kidogo halafu ivute, ili tyubu isibaki imekaliwa. Jaza upepo, utoe wote, ujaze tena, mikunjo inyooke.

Tairi la kwanza lilinichukua asubuhi nzima. La tatu dakika 50, nikiwa nimetandika magunia ya korosho chini ili rangi isichubuke. Nimeshakwenda Masasi na kurudi, na upepo kwenye geji haujashuka.

Ningenunua tena mitaimbo peke yake, kibanio ningekiacha dukani. Na haya yote ni kwa rimu ya kipande kimoja. Rimu za lori zenye ringi ya kufunga msizijaribu nyumbani, ringi ikifyatuka wakati wa kujaza upepo inaua. Hizo wapelekeeni wenye kizimba cha chuma.